Sura ya Sita: Mfa Maji Asiyetapatapa

Jioni ya Agosti 23, 2013, helikopta aina ya Super Puma ilikuwa ikikaribia uwanja wa ndege wa Sumburgh, kusini mwa visiwa vya Shetland, kaskazini ya Scotland. Ndani yake mlikuwa na watu 18: marubani wawili na wafanyakazi 16 waliomaliza zamu yao kwenye mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Mawingu yalikuwa yameshuka. Mwendo wa helikopta ukapungua kupita kiasi bila marubani kuling'amua hilo mapema, na walipokuja kushtuka hapakuwa na nafasi ya kupanda tena. Ikapiga maji, ikapinduka hapo hapo. Watu 14 waliokoka, wanne wakafa.

Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza walipoanza kazi yao walikutana na jambo la kusikitisha. Jaketi ya kila abiria ilikuwa na mfuko wa kupumulia chini ya maji. Video waliyoonyeshwa kabla ya kuruka haikuwaeleza vya kutosha kuhusu mfuko huo, hivyo ilikuwa rahisi kwa abiria kuamini kwamba hautumiki mpaka mtu awe amewahi kuvuta pumzi ndefu na kuipuliza humo kabla kichwa hakijazama. Aliyezamishwa ghafla, bila hata kujaza mapafu, hakuwa na sababu ya kuuhangaikia. Kumbe mfuko ule ulikuwa na akiba yake ya hewa, iliyotegwa ijifungue yenyewe majini. Watu walikuwa wamebeba pumzi kifuani na hawakuambiwa.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Walikuwa wakieleza kile ambacho mwili hufanya wenyewe usipofundishwa: mikono hutafuta chochote, miguu hupiga, mdomo hufunguka. Wafanyakazi wa mafuta na gesi baharini hupewa mafunzo ya kuipinga methali hiyo. Kozi yao ya msingi hujulikana kwa herufi zake, BOSIET, na sehemu yake inayohusu kutoka ndani ya helikopta iliyozama huitwa HUET. Kiwango kinachofuatwa na vyuo vingi duniani hutungwa na OPITO, shirika lililoota mizizi Aberdeen, mji wa Scotland uliojengeka upya kwa fedha za mafuta. Cheti hudumu miaka 4, kisha mtu hurudi bwawani. Ukiondoa vifaa vyote vinavyofundishwa humo, kinachobaki ni mpangilio wa vitendo: kipi kwanza, kipi baadaye. Na cha kwanza, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote, ni kukaa na kungoja.

Chombo chenye kichwa kizito

Injini za helikopta, giaboksi yake na kitovu kinachozungusha mapanga, vyote vimekaa juu ya paa. Chini yake kuna viti, watu na hewa. Uzito ukiwa juu na wepesi ukiwa chini, chombo kikitua majini hutafuta kugeuka. Ili kukizuia, helikopta za safari za baharini hufungwa maboya ya dharura ambayo hujazwa gesi kwa sekunde chache rubani anapoyafyatua, au yanapoguswa na maji yakiwa yametegwa. Bahari ikiwa ya wastani, maboya hayo hukishikilia chombo wima. Wimbi likivunjikia ubavuni, chombo hupinduka. Kikishapinduka maboya huendelea na kazi yake: yanakifanya kielee kichwangomba, magurudumu yakiangalia mbinguni. Kilichowekwa kuwabakisha abiria juu ya maji sasa kinawabakisha chini yake.

Ndiyo maana watu wa fani hii hutofautisha sana kutua majini kwa hiari na kuanguka majini. Januari 19, 1995 radi iliipiga Super Puma iliyokuwa ikielekea kwenye uwanja wa mafuta wa Brae, na rafadha ya mkiani ikaharibika. Rubani aliishusha juu ya mawimbi ya mita 6 hadi 7, ikabaki wima, na wote 18 wakahamia kwenye chelezo cha mpira wakaokolewa. Mwaka 2012, mwezi Mei na tena mwezi Oktoba, helikopta mbili za aina ya EC225 zilitua kwenye Bahari ya Kaskazini kwa hitilafu ile ile: mhimili ndani ya giaboksi ulikuwa umepasuka, na mafuta ya kulainisha mitambo hayakuwa yakisukumwa tena. Zilikuwa zimebeba watu 14 na 19. Hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo, rubani akiwa na dakika tano za kujiandaa, abiria ana nafasi nzuri. Huambiwa mapema, huzipu suti yake hadi shingoni, huvaa kofia yake, hukaa mkao wa kujikinga na mshindo, na akibahatika hutoka mlangoni akiwa mkavu. Kozi huanza na zoezi hilo jepesi. Lakini bwawa halikuchimbwa kwa ajili ya siku hiyo. Lilichimbwa kwa ajili ya siku kama ile ya Sumburgh.

Hesabu ya pumzi

Maji ya Bahari ya Kaskazini huwa kati ya nyuzijoto 5 na 15 kutegemea msimu. Mtu akitumbukia humo ghafla, ngozi hupeleka habari kwenye ubongo na mwili hujibu bila kumwuliza mwenyewe. Kwanza huvuta pumzi moja kubwa ya mshtuko. Kisha hupumua mbio mbio asiweze kujizuia, moyo ukidunda kwa kasi na shinikizo la damu likipanda. Hali hii hufikia kilele ndani ya nusu dakika ya kwanza na hutulia baada ya dakika mbili au tatu. Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza, amesisitiza kwamba wengi wanaofia kwenye maji baridi hawafi kwa kupoteza joto. Hufa mapema zaidi, katika dakika hizo za mwanzo, kwa kuvuta maji badala ya hewa au kwa moyo kuvurugika mapigo.

Kuvurugika huko kuna sababu yake. Maji baridi mwilini huuamuru moyo uende mbio. Maji baridi usoni, hasa mtu akiwa amezuia pumzi, huuamuru upunguze mwendo, kama inavyotokea kwa wanyama wanaozamia. Abiria wa helikopta iliyopinduka hupata amri zote mbili kwa wakati mmoja, na moyo wenye hitilafu iliyojificha unaweza kushindwa kutii hata moja.

Sasa tuingize muda. Majaribio yaliyofanyika Canada kwa kutumia umbo la helikopta la kufanyia mazoezi, likiwa limejaa abiria na kupinduliwa majini, yalionyesha kwamba wa mwisho kutoka alihitaji kati ya sekunde 28 na 92. Utafiti mwingine wa huko huko uliwapima watu 228 waliokuwa kwenye mafunzo ndani ya maji ya nyuzijoto 25, yaani maji ya uvuguvugu. Nusu yao hawakuweza kuzuia pumzi zaidi ya sekunde 37, na karibu thuluthi hawakufika hata 28. Kwenye maji ya baridi kali muda huo hukatika zaidi ya nusu. Hesabu haifungi. Mtu aliyekaa kiti cha ndani, akisubiri mwenzake wa dirishani atoke kwanza, anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado pumzi ikamwishia.

Suti ya kuzuia maji hupunguza mshtuko kwa kuiweka ngozi ikiwa kavu, na kifaa cha kupumulia huongeza sekunde. Suti nayo ina gharama yake. Hewa iliyonaswa ndani yake humnyanyua mtu, na katika helikopta iliyopinduka juu ni sakafuni. Mkanda ukifunguka kabla ya wakati, suti humvuta mvaaji mbali na dirisha na kumbandika kwenye sakafu iliyogeuka kuwa dari.

Ndani ya kizimba

Wazo la kumpindua mtu bwawani ili ajifunze kutoka ni la kijeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Majini la Marekani liliwafunga marubani wake kwenye kibanda kilichoteremka juu ya reli, kikajipigiza majini na kugeuka juu chini. Helikopta zilipoenea jeshini, zoezi lilihamia kwenye umbo la kubeba watu kadhaa. Jeshi hilo lilipochambua ajali zake za helikopta baharini za miaka ya 1963 hadi 1975, lilikuta kwamba miongoni mwa waliokuwa wamefunzwa zaidi ya 9 kati ya kila 10 walipona. Miongoni mwa wasiofunzwa walipona takriban theluthi mbili. Ni nadra kwa kozi ya siku chache kuacha alama kubwa kiasi hicho kwenye orodha ya vifo.

Vyuo vya leo hutumia kizimba cha chuma na plastiki kilichoning'inizwa kwa winchi juu ya bwawa, kikiwa na viti, mikanda na madirisha ya kusukuma. Wazamiaji hukaa majini wakiwatazama wanafunzi, na mkufunzi mmoja hupanda nao. Zoezi huenda kwa ngazi. Mara ya kwanza kizimba huteremshwa taratibu na kusimama wima, maji yakipanda hadi kifuani, shingoni, juu ya kichwa. Baadaye kinazamishwa na kugeuzwa nusu duara, wanafunzi wakining'inia kwenye mikanda yao. Katika mizunguko ya juu, dirisha lenyewe huwa limefungwa na mtu analitoa kwa mkono wake.

Hebu fuata mpangilio huo kwa karibu, kwa sababu kila hatua ina sababu ambayo akili isiyofunzwa ingeikataa.

Kabla ya maji kufika, unatafuta njia yako ya kutokea na kuigusa. Mkono mmoja unakamata ukingo wa dirisha au kitu kilichoshikamana nalo, na mkono huo hauachii tena mpaka uwe nje. Mkono mwingine unajua kifungo cha mkanda kilipo bila kutazama. Unavuta pumzi, au unaweka kifaa mdomoni. Maji yanaingia puani kwa sababu umegeuzwa, na huo ndio wakati ambao wengi huchanganyikiwa: viputo, giza, sikio la ndani likisema kitu kimoja na mvutano wa dunia kingine. Hufanyi lolote. Unangoja mwendo ukome, kwa kuwa helikopta inayozunguka ingali inafagia maji na vitu vilivyolegea, na anayejitosa wakati huo huburutwa nayo.

Mwendo ukikoma, unasukuma dirisha mkanda ukiwa bado umefungwa. Hapa ndipo mwanafunzi mpya hukosea karibu kila mara, maana mwili unaona mkanda ndio unaomwua na hutaka kuufungua kwanza. Lakini mtu anayeelea akisukuma dirisha hujisukuma mwenyewe kurudi nyuma, na dirisha linabaki pale pale. Mkanda humpa egemeo. Zaidi ya hapo humpa ramani. Wewe na kiti mmepinduka pamoja, kwa hiyo dirisha lililokuwa kulia kwako lingali kulia kwako, kwa umbali ule ule wa mkono. Ukijifungua, kulia na kushoto hupotea pamoja na juu na chini.

Dirisha likishatoka, unahakikisha mkono ulioshika ukingo umeshika kweli, kisha ndipo unafungua mkanda na kujivuta nje, mkono baada ya mkono, bila kupiga mateke, kwa kuwa nyuma yako kuna uso wa mtu. Jaketi ya kuokolea haijazwi hewa mpaka mwili wote uwe nje. Anayeijaza ndani hugeuka boya lililonaswa ndani ya chumba, na hawezi tena kuzamia mita moja anayohitaji ili apite dirishani.

Kifaa cha kupumulia kina somo lake. Aina ya zamani humrudishia mtu pumzi yake mwenyewe kutoka kwenye mfuko. Aina mpya ina chupa ndogo ya hewa iliyoshindiliwa, nayo hufanya kazi hata kwa mtu ambaye amekwisha kuzama. Lakini hewa iliyovutwa chini ya maji hutanuka mtu anapopanda, na anayezuia pumzi akiwa njiani kwenda juu anaweza kupasuka mapafu, hata kwenye kina cha bwawa. Kwa hiyo mtu yule yule aliyefundishwa asubuhi kuibana pumzi yake hufundishwa mchana kutoibana kamwe akipanda na chupa mdomoni. Kwa sababu ya hatari hiyo, vyuo vililifundisha zoezi la chupa kwa tahadhari kubwa, kwenye maji ya kina kifupi.

Ukishatoka nje

Kutoka kwenye helikopta kunakuingiza kwenye hatari ya pili. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, aliipanga kwa hesabu rahisi kukumbuka: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kuitawala pumzi. Dakika 10 ambazo vidole na misuli bado vinakutii. Saa 1, kwa makadirio, kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi takriban mara 25 kuliko hewa ya kiwango hicho hicho cha joto, na mikono ndiyo ya kwanza kulipa. Katika zile dakika 10 ndimo inamopasa kukazwa mikanda ya jaketi, kuvutwa kofia, kuwashwa taa na kupandwa chelezo. Baada ya hapo, hata zipu huwa kazi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo wanafunzi hufundishwa kuwa wavivu wa maana. Aliye peke yake hukunja magoti kifuani na kubana mikono kwapani ili kulinda joto la kifua na kinena. Walio wengi hukumbatiana kwa duara, mgongo kwa upepo, aliyeumia akiwekwa katikati. Hakuna kuogelea kwenda popote isipokuwa chelezo kiko karibu kabisa. Chelezo kilichopinduka hugeuzwa na mtu mmoja kwa kusimama upande wa chupa ya gesi, kuvuta kamba za tumboni na kujiegemeza nyuma, upepo ukimsaidia. Hupandwa kwa ngazi ya kamba, aliye na nguvu akitangulia ili awavute wenzake. Wakishaingia wote hukata kamba, hushusha nanga ya kitambaa ili wasipeperushwe mbali, hufunga mlango, huyakamua maji sakafuni, na humeza vidonge vya kichefuchefu kabla hawajaanza kutapika.

Msiba wa Machi 14, 1992 unaonyesha kwa nini hatua hii imepewa uzito sawa na ya kwanza. Super Puma iliyokuwa ikiwahamisha wafanyakazi kutoka mtambo wa Cormorant Alpha kwenda kwenye meli ya malazi iliyoegeshwa jirani ilianguka baharini usiku, katika dhoruba. Safari ilikuwa fupi mno, ya kuvuka tu kutoka sitaha moja hadi nyingine. Kati ya watu 17, walikufa 11, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kutoka ndani ya helikopta. Meli za uokozi zilikuwa karibu, lakini katika mawimbi yale ukaribu haukutosha.

Na hata mkono wa mwokozi una hatari yake. Maji humbana mtu pande zote na kumsaidia moyo kusukuma damu. Akinyanyuliwa ghafla kwa mkao wa wima, mbano huo huondoka, damu hukimbilia miguuni na aliyestahimili saa nzima anaweza kuzimia kwenye kamba. Ndiyo maana waokoaji, wakipata nafasi, humwinua mtu akiwa amelala.

Waliolipia sheria

Mafunzo haya hayakubuniwa mezani. Machi 27, 1980 mtambo wa malazi wa Alexander L. Kielland ulipinduka upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini baada ya mguu wake mmoja kukatika, na kati ya watu 212 walikufa 123. Mashua za kuokolea zilikuwepo, lakini ndoano zake hazikuweza kufunguka zikiwa zimebeba uzito. Miaka miwili baadaye, Februari 15, 1982, mtambo wa Ocean Ranger ulizama mashariki mwa Newfoundland, Canada, na wote 84 waliokuwa juu yake wakafa. Mashua moja ilifanikiwa kufika ubavuni mwa meli ya msaada, ikapinduka watu walipokuwa wakijaribu kuhama. Hawakuwa na suti za kuzuia maji, na mafunzo waliyopewa yalikuwa haba. Tume ya Kifalme iliyochunguza msiba huo ndiyo iliyofanya suti na kozi viwe masharti ya kazi upande ule wa Atlantiki.

Miaka ilipopita, jambo lingine lilionekana wazi: kuna ajali ambazo bwawa haliwezi kumwandalia mtu. Novemba 6, 1986 helikopta ya Chinook iliyokuwa ikitoka uwanja wa mafuta wa Brent ilivunjikiwa gia ya giaboksi ya mbele karibu na Sumburgh. Mapanga ya mbele na ya nyuma yakagongana, na kati ya watu 47 wakapona 2. Machi 12, 2009 helikopta ya S-92 iliyokuwa ikiwapeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya mashariki mwa Newfoundland iliishiwa mafuta ya giaboksi baada ya misumari ya titani ya chujio kukatika. Ikapiga maji kwa kishindo na kuzama. Kati ya watu 18 alipona mmoja. Kifaa cha kupumulia kilikuwa kimejadiliwa huko kwa miaka mingi bila kugawiwa, na kikaanza kutumika muda mfupi baada ya mazishi.

Misiba hii imezua lawama ya haki juu ya kozi yenyewe. Bwawa lina joto, taa zinawaka, maji yametulia, wazamiaji wanatazama, na mwanafunzi anajua kwamba kizimba kitageuka upande gani na saa ngapi. Zoezi la dakika chache kila baada ya miaka 4 linaweza kumpa mtu cheti na kujiamini kuliko uwezo wake. Watafiti wa Canada wamekuwa wakidai mazoezi yenye mawimbi, giza na madirisha halisi, kwa hoja kwamba mkono hukumbuka kile tu ulichowahi kukifanya. Vyuo hujibu kwamba zoezi likiwa kali mno litaumiza watu, na wapo wanaokwenda kozini wakiwa na hofu ya maji tangu utotoni. Pande zote mbili zina ukweli, na kila chuo huchagua mahali pa kusimama.

Uamuzi uliobadilisha mengi ulitoka nje ya bwawa. Februari 2014 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilitoa mapitio yake kuhusu safari hizi. Helikopta zilipigwa marufuku kuruka juu ya bahari yenye mawimbi makali kuliko yale ambayo maboya yao yamethibitishwa kuyahimili. Hakuna kukaa mbali na dirisha la dharura, isipokuwa abiria wamepewa kifaa bora cha kupumulia au chombo kimefungwa maboya ya ziada ya kukizuia kisigeuke kabisa. Kuanzia Aprili 2015 abiria walipimwa mabega: mwenye upana wa zaidi ya inchi 22, yaani karibu sentimita 56, hupewa alama maalumu na kuketishwa penye dirisha linalomtosha. Zile sekunde 92 zilishughulikiwa hatimaye kwa kusogeza viti, kazi ambayo pafu la mfanyakazi lisingeiweza.

Bahari ya joto

Pwani ya Afrika Mashariki iliingia kwenye hadithi hii gesi ilipoanza kupatikana kwenye kina kirefu kuanzia mwaka 2010. Visima vya mbali vya Lindi na Mtwara, kama Zafarani kilichotangazwa mwaka 2012, vilichimbwa na meli zilizokaa takriban kilomita 100 kutoka nchi kavu, na watu walikwenda kazini kwa helikopta. Ng'ambo ya Ruvuma, mtambo unaoelea wa Coral Sul nchini Msumbiji ulianza kusafirisha gesi mwishoni mwa 2022.

Kwa maji ya namna hii OPITO ina kozi za tropiki, zinazotambulika kwa herufi T mbele ya jina, ambamo suti ya baridi huachwa. Kizimba hakiachwi. Joto la Bahari ya Hindi huondoa mshtuko wa baridi na kurefusha saa za kungoja, lakini halibadilishi mahali giaboksi ilipo. Chombo hupinduka vile vile, maji huingia puani vile vile, na zile sekunde 37 zilipimwa kwenye maji ya joto karibu sawa na yetu. Kinachobadilika ni adui wa baadaye: jua, kiu, na umbali wa msaada.

Umbali huo wa msaada tuliuona hapa Tanzania. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikitua Bukoba iliingia Ziwa Victoria ikiwa na watu 43, na 19 wakafa. Ilikuwa karibu na uwanja wa ndege, na waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Dakika za mwanzo zilikuwa za waliomo ndani na waliokuwa jirani kwa bahati.

Kijana wa Mtwara au Pemba anayelipiwa kozi hii na mwajiri ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kutia sahihi. Je, kizimba kitageuzwa kweli, na madirisha yatafungwa ili niyatoe mwenyewe? Kifaa nitakachovaa kazini ndicho nitakachofunzia, na kinafanya kazi vipi nikizama bila kujiandaa? Dirisha la kiti changu linatosha mabega yangu? Na kila asubuhi ya safari, swali la kumwuliza anayepanga ndege: mawimbi ya leo yana urefu gani, maboya yetu yamethibitishwa kwa urefu gani, na nani hapa ana mamlaka ya kusema leo haturuki?